Pestalozzi: Mwalimu aliyewafunza walimu wenzake kufundisha hesabu

FEBRUARI 17, 1827, katika mji mdogo wa Brugg nchini Uswisi, alifariki dunia mwalimu Johann Heinrich Pestalozzi akiwa na umri wa miaka 81.

Shule yake kubwa ilikuwa imekwishafungwa na wasaidizi wake walikuwa wamefarakana. Hata hivyo, ufundishaji wa hesabu kwa watoto wadogo haukurudi tena pale alipoukuta.

Pestalozzi alizaliwa Januari 12, 1746 mjini Zurich, na akafiwa na baba yake angali mtoto mdogo. Ukubwani alijaribu kilimo huko Neuhof, akashindwa. Akakusanya watoto wa maskini ili wafanye kazi huku wakisoma, na mwaka 1780 mradi huo nao ukafa kwa kukosa fedha.

Mwanzoni mwa 1799, baada ya majeshi ya Ufaransa kuuteketeza mji wa Stans, alikabidhiwa watoto wapatao 80, wengi wao yatima wa vita. Hakuwa na walimu wala vitabu. Aliwatumia watoto waliotangulia kuelewa kuwafundisha wenzao, hadi Juni mwaka huo jengo lilipogeuzwa hospitali ya askari.

Akiwa na miaka 53 alihamia Burgdorf, akaanza kama msaidizi katika shule ya fundi viatu. Zama hizo ualimu haukuhitaji mafunzo. Aliyejua kusoma na kuhesabu kidogo alitosha. Wanafunzi walikariri kanuni za hesabu bila kujua maana yake, kwa kuwa mwalimu mwenyewe hakuijua.

Pestalozzi aliupindua utaratibu huo. Mtoto alianza kwa kushika na kuhesabu vitu, kama vile kokoto na njegere. Kisha alitazama majedwali ya mistari yaliyoonyesha moja, mbili, tatu hadi kumi, na miraba iliyogawanywa kuonyesha sehemu. Hesabu ya kichwani ilitangulia. Tarakimu zilikuja mwisho, kama alama za jambo lililokwisha kueleweka.

Njia hiyo ilidai mwalimu wa namna nyingine: anayeuliza, kusikiliza na kupima mtoto amefikia wapi. Ndiyo maana chuo alichofungua katika ngome ya Burgdorf mwaka 1800, na baadaye kile cha Yverdon kilichoanza 1805, viliwalea wanafunzi na walimu chini ya paa moja. Walimu walikutana mara kwa mara kujadili masomo na maendeleo ya kila mtoto.

Serikali ya Prussia ilipeleka vijana wake Yverdon kujifunza, ili warudi kuzifufua shule za nchi yao. Nchini Marekani, Warren Colburn alichapisha mwaka 1821 kitabu cha hesabu kilichofuata mpango huo.

Tunda lake kubwa katika hisabati alikuwa Jakob Steiner, kijana wa shamba aliyefika Yverdon mwaka 1814 akiwa na miaka 18. Alisoma, akafundisha hapo hadi 1818, na baadaye akawa profesa wa jiometria jijini Berlin.

Mafanikio hayo hayakukosa dosari. Tume iliyokagua chuo cha Yverdon mwaka 1809 haikukiona kuwa kielelezo cha shule za umma. Wakosoaji walidai hesabu ilikuwa imemeza masomo mengine, na kwamba mazoezi marefu ya majedwali yaliweza kugeuka kukariri kulekule alikokupiga vita.

Mkewe, Anna, alifariki 1815. Ugomvi kati ya wasaidizi wake wawili, Johannes Niederer na mwalimu wa hisabati Joseph Schmid, ulikitafuna chuo hadi kikafungwa mwaka 1825. Mzee huyo alirejea Neuhof alikoanzia.

Alizikwa Birr, kando ya shule ya kijiji. Vyuo vya ualimu vilivyofuata nyayo zake vilibaki na fundisho moja: hesabu ya mtoto haiwezi kuvuka uelewa wa mwalimu wake.