Toepperwein, mkali wa vibao 72,500

KAMA unadhani straika wako ana shabaha, msikie huyu. Adolph Toepperwein alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1869. Alianza kama mchora katuni wa gazeti mjini San Antonio, hadi kampuni ya bunduki ya Winchester ilipomchukua azunguke akionyesha kipaji chake.

Desemba 1907, hapo hapo San Antonio, alipiga vibao vya mbao vilivyorushwa hewani kwa siku 10. Alichagua Winchester 1903, bunduki ndogo inayojipakia yenyewe: ukifyatua, risasi ya pili imeshakaa. Kwa kazi ya kutwa nzima, chaguo hilo lilimbeba. Vibao 72,500, akakosa 9. Tisa tu! Kuna mastraika wanazikosa hizo kabla ya mapumziko.

Mkewe Elizabeth, maarufu Plinky, naye alikuwa moto.

Mwaka 1959 Tom Frye, mtu wa Remington, yaani watani wa jadi, alipiga vibao 100,010 na kukosa 6. Tena kwa Nylon 66, bunduki ya bei nafuu yenye kitako cha plastiki! Mzee alikuwa hai bado, umri ukigonga 90. Alifariki 1962.