Mahjub bin Adam, Mswahili Aliyefia Kambini Ujerumani

Mwaka 2013 Bi. Eva Knopf, mtengenezaji filamu wa Kijerumani, alitoa filamu ya habari za kweli iitwayo Majubs Reise, yaani safari ya Majub. Huyo Majub ni mwana wa pwani: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, ambaye Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Babake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya 1914 vilipozuka, mwana naye akaingia jeshini akiwa na miaka 10 tu. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, akashikwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi ya uboi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa babake wa siku za vita. Serikali ikamjibu kuwa amechelewa. Ajabu iliyoje! Jasho la askari nalo lina tarehe ya kuisha?

Hakurudi kwao. Akawa mtumishi wa mezani katika jumba la Haus Vaterland, na katika Chuo Kikuu cha Berlin akasaidia kufunza Kiswahili. Sisi wa Muyeye, tuliozoea kuamkiwa na watalii wa Kijerumani kwa Kiswahili cha vitabuni, yafaa tumjue mmoja wa waliowatangulia walimu wao.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kizungu. Siku tatu baadaye Hitler akashika serikali. Mwaka 1935 Mahjub aliachishwa kazi pale mezani. Na nishani ya vita aliyoiomba akanyimwa.

Riziki ikabaki kwenye filamu. Alionekana katika zaidi ya 20, mara nyingi akiwa boi au mpagazi. Ya mwisho ilimsifu Carl Peters, yule yule aliyepita Witu akaufuata Mto Tana mwaka 1889. Tusimfanye walii: Mahjub alijivunia uaskari wake wa Kijerumani, na alisimama pamoja na waliotaka makoloni yarudishwe.

Utiifu huo haukumfaa. Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Alitiwa kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu 2007 jina lake limo katika jiwe dogo la shaba, njiani Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa.