Valery Legasov: Mwanakemia aliyeijua kasoro ya Chernobyl

Watu wengi wa kizazi hiki walimfahamu Valery Legasov mwaka 2019, pale filamu ya mfululizo kuhusu ajali ya Chernobyl ilipoonyeshwa sehemu nyingi za dunia. Filamu hiyo ilimwonyesha akisimama mahakamani na kufichua kila kitu. Legasov wa kweli hakutoa ushahidi katika kesi ile. Yale aliyoyajua aliyatoa kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili, na sehemu kubwa ya mwisho ilisomwa na umma akiwa tayari kaburini.

Jina lake hurudi kila mjadala wa usalama wa umeme wa nyuklia unapozuka. Sababu ni kwamba hakuwa mpinzani wa umeme huo. Alikuwa mtu wa ndani, aliyeuamini na kuutetea hadi mwisho, na ndiyo maana maneno yake yaliwauma wenzake kuliko ya mpinzani yeyote.

Kijana wa Tula

Legasov alizaliwa Septemba 1, 1936 katika mji wa viwanda wa Tula, kusini mwa Moscow. Alisomea kemia katika Taasisi ya Mendeleev jijini Moscow, akahitimu mwaka 1961 na kwenda Siberia, karibu na Tomsk, kufanya kazi kwenye kiwanda kilichohudumia sekta ya nyuklia. Baadaye alirudi Moscow kuendelea na utafiti. Alijipatia sifa kwa kuchunguza gesi ambazo kwa kawaida hazishikamani na kitu kingine chochote.

Alipanda haraka. Mwaka 1981 alikuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi ya Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1983 akawa naibu mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Kurchatov, kitovu cha utafiti wa nyuklia nchini humo. Mkurugenzi wake, Anatoly Aleksandrov, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kisayansi wa mradi wa vinu vya aina ya RBMK. Chernobyl ilikuwa na vinu vinne vya aina hiyo, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuzalisha megawati 1,000. Kwa hiyo, yeyote wa Kurchatov ambaye angekitia doa kinu hicho angekuwa anaitia doa nyumba yake mwenyewe na mzee wake wa kazi.

Aprili 26, 1986

Kinu namba nne kililipuka saa saba na dakika 23 za usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 26, 1986. Asubuhi hiyo Legasov alikuwa Moscow akihudhuria mkutano wa chama. Aliarifiwa kwamba ameteuliwa katika tume ya serikali iliyoongozwa na Boris Shcherbina, na kufikia jioni alikuwa Ukraine. Walipokuwa bado kilomita kadhaa kabla ya kufika, waliona anga limekuwa jekundu juu ya kituo.

Aliyoyakuta hayakuwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Paa la kinu lilikuwa limeondoka, grafiti ilikuwa inaungua, na hakuna aliyejua kwa hakika kama mmenyuko wa nyuklia ulikuwa umekoma. Legasov mwenyewe alipanda gari la deraya, akakisogelea kinu ili vipimo vichukuliwe.

Karibu na kituo palikuwa na mji wa Pripyat wenye wakazi wapatao 50,000. Siku nzima ya Jumamosi watoto walikuwa nje wakicheza na watu wakiendelea na shughuli zao. Vipimo vya mjini vilikuwa bado havijafika kiwango kilicholazimu watu kuhamishwa. Usiku huo wanafizikia, Legasov akiwa miongoni mwao, walisisitiza watu waondolewe bila kungoja. Siku iliyofuata saa nane mchana, mabasi zaidi ya 1,000 yalianza kuwabeba. Waliambiwa wanaondoka kwa siku tatu. Hawakurudi tena kuishi pale.

Helikopta zilimwaga juu ya kinu takribani tani 5,000 za mchanga, udongo wa mfinyanzi, boroni, risasi na chokaa. Legasov alihusika sana katika kuchagua mchanganyiko huo, na aliruka juu ya moshi ule mara nyingi. Wataalamu wamebishana baadaye kama shehena hiyo ilisaidia sana au kidogo. Mwili wake ulipokea mionzi, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa karibu naye.

Wingu lisilo na pasipoti

Moscow ilinyamaza. Asubuhi ya Aprili 28, katika kituo cha nyuklia cha Forsmark nchini Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, viatu vya mfanyakazi mmoja viliamsha king'ora cha mionzi. Waswidi walidhani kituo chao ndicho kinavuja, hadi walipogundua kwamba uchafu unaletwa na upepo. Jioni ndipo Muungano wa Kisovieti ulipotoa tangazo fupi. Mei Mosi gwaride la wafanyakazi lilifanyika Kiev kama kawaida.

Mwezi Mei, Jumuiya ya Ulaya ilisimamisha kuingizwa kwa baadhi ya vyakula kutoka nchi za Ulaya Mashariki, kisha ikaweka viwango vya mionzi ambavyo mzigo haukuruhusiwa kuvipita. Mkulima wa Hungary na mchuuzi wa Poland walifungiwa soko kwa ajali isiyo yao. Belarus, jirani aliye kilomita chache tu kutoka kituo hicho, ndiyo iliyopata sehemu kubwa zaidi ya uchafu ulioanguka.

Madhara makubwa kwa raia yalipitia kwenye maziwa. Ng'ombe walikula majani yenye iodini ya mionzi, watoto wakanywa maziwa, na tezi za shingo zikaidaka iodini hiyo. Hadi mwaka 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi hiyo walikuwa wamegunduliwa miongoni mwa waliokuwa watoto wakati wa ajali. Sehemu kubwa ya ugonjwa huo ingeepukika kama wazazi wangeambiwa mapema wasiwape maziwa hayo.

Saa tano za Vienna

Agosti 1986 Legasov aliongoza ujumbe wa Kisovieti kwenye mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, jijini Vienna. Alizungumza kwa takribani saa tano mbele ya mamia ya wataalamu. Walikuwa wametegemea visingizio, wakapewa takwimu, michoro na mtiririko wa ajali, sekunde kwa sekunde. Alipomaliza walimpigia makofi.

Hata hivyo, ripoti aliyoisoma ilikuwa na pengo. Ilikiri udhaifu fulani wa kinu, lakini mzigo wa lawama iliwatwika waendeshaji wa zamu. Kweli, waendeshaji walivunja taratibu. Walikuwa wakifanya jaribio huku kinu kikiwa katika nguvu ndogo mno na kinga kadhaa zikiwa zimezimwa. Lakini mwishoni walibonyeza kitufe cha dharura ili wakizime, na hapo ndipo kasoro ya ubunifu ilipojitokeza. Fito za kudhibiti, ambazo ni breki za kinu, zilikuwa na grafiti upande wa chini. Zilipoanza kushuka, kwa sekunde za mwanzo ziliongeza nguvu badala ya kuipunguza. Ni kama dereva wa lori akanyage breki kwenye mteremko, kisha gari lianze kwa kuongeza mwendo.

Hali hiyo ilikuwa imeonekana mwaka 1983 wakati kinu kipya cha aina hiyo kilipojaribiwa Ignalina, Lithuania. Wabunifu walijua. Marekebisho yalizungumzwa lakini hayakufanyika, na waliokuwa kwenye usukani Chernobyl hawakuelezwa uzito wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Julai 1987 mahakama iliwafunga wakuu wa kituo, watatu kati yao kwa miaka 10.

Mgeni nyumbani kwake

Legasov alirudi Moscow akiwa shujaa wa magazeti ya nje na mgeni katika taasisi yake. Alianza kudai mambo ambayo wengi hawakutaka kuyasikia: kwamba vinu vya RBMK vilijengwa bila jengo imara la kuzuia mionzi isitoke, kwamba usalama wa viwanda vikubwa unahitaji elimu yake na wasimamizi wake, na kwamba haraka ya kutimiza malengo ilikuwa imeizidi nguvu tahadhari. Alisimulia jinsi mabomba ya kituo kimoja yalivyokutwa na viungo ambavyo havikuchomelewa ipasavyo, ilhali karatasi zote zilikuwa na sahihi kwamba kazi iko sawa.

Wenzake katika baraza la taasisi walimpigia kura ya kumkataa. Tuzo ya juu kabisa ya nchi, iliyotarajiwa kuwa yake, haikumfikia. Afya yake ilidhoofika, na mapendekezo yake ya mageuzi hayakupata msukumo.

Mwishoni alirekodi kumbukumbu zake kwenye kanda za sauti. Aprili 27, 1988, siku moja baada ya ajali kutimiza miaka miwili, alijiua nyumbani kwake Moscow. Alikuwa na miaka 51. Mwezi uliofuata gazeti la Pravda lilichapisha sehemu ya kumbukumbu hizo.

Mwaka 1992 wataalamu wa IAEA waliirekebisha taarifa yao ya mwanzo na kuupa ubunifu wa kinu nafasi kubwa zaidi katika visababishi vya ajali. Vinu vya RBMK vilivyobaki vilifanyiwa marekebisho, zikiwemo fito zake. Mwaka 1996 Rais Boris Yeltsin alimtunuku Legasov, baada ya kifo chake, hadhi ya Shujaa wa Urusi.

Swali lililobaki

Wanaotetea umeme wa nyuklia husema Chernobyl ilikuwa ajali ya kinu kibovu katika nchi ya siri. Wanataja Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, ambako kiini cha kinu kiliyeyuka lakini jengo la kinga likazuia sehemu kubwa ya mionzi. Wanaopinga hutaja Fukushima, Japani, mwaka 2011, ambako nchi haikuwa ya siri wala maskini, lakini maonyo kuhusu ukubwa wa tsunami hayakufanyiwa kazi kwa wakati.

Mjadala huo sasa umefika Afrika Mashariki. Uganda imepanga kituo Buyende. Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, wenyeji wakapinga, kisha macho yakageukia Siaya, kandoni mwa Ziwa Victoria, ambalo Tanzania na Uganda pia hulitegemea kwa samaki na maji. Rwanda imetia saini na Warusi mkataba wa kituo cha sayansi ya nyuklia. Tanzania ina urani yake Mto Mkuju.

Legasov angeliunga mkono jambo hilo, kwa kuwa aliamini dunia inauhitaji umeme huo. Lakini angeuliza maswali kabla ya msingi kuchimbwa: nani anakikagua kinu bila kuajiriwa na anayekijenga, mhandisi wa zamu akiona kasoro anamwambia nani bila kupoteza kazi, na nchi jirani itapigiwa simu baada ya saa ngapi. Katika Chernobyl, jirani hakupigiwa simu. Alitambua kwa viatu vya mfanyakazi wake.