Abu Bakr As-Siddiq: Kutoka Biashara ya Nguo Hadi Ukhalifa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Tunapowasimulia watoto wetu habari za Abu Bakr (Radhiya Llahu 'anhu), aghlabu tunakimbilia pango la Thawr na safari ya Hijra. Ni haki yake. Lakini upo upande wa maisha yake ambao madrasa zetu huupita mbio: alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na kazi hiyo hakuiacha mpaka aliposhika uongozi wa umma.

Jina lake ni Abdullah bin Abi Quhafa, wa ukoo wa Banu Taym katika Maquraysh, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimzidi umri kwa miaka kama miwili. Banu Taym hawakuwa na nguvu za Banu Makhzum wala Banu Umayya. Heshima ya Abu Bakr ilitokana na mwenyewe: mkweli sokoni, mjuzi wa nasaba za Waarabu, mtu aliyeaminiwa katika mambo ya diya hata kabla ya Uislamu. Mfanyabiashara aliyezoea kuuza na kukopesha huwajua watu, nani hulipa na nani huahidi tu. Ujuzi huo ulikuja kumfaa baadaye.

Imepokewa kwamba aliposilimu alikuwa na dirhamu 40,000. Nyingi zilikwenda katika kuwakomboa watumwa waliokuwa wakiadhibiwa kwa imani yao, akiwamo Bilal na Amir bin Fuhayra. Baba yake alimlaumu kwa kuwakomboa wanyonge badala ya wanaume wenye nguvu ambao wangemlinda. Siku ya Hijra zilikuwa zimebaki 5,000 au 6,000, naye akaondoka nazo zote. Mzee Abu Quhafa, aliyekuwa kipofu, alikhofu kwamba wajukuu wameachwa mikono mitupu. Asma, binti wa Abu Bakr, akaweka vijiwe pale baba yake alipokuwa akiweka fedha, akavifunika kitambaa, akamshika babu yake mkono avipapase. Mzee akatulia.

Madina alianza upya. Aliishi As-Sunh, pembezoni mwa mji, kwa mkewe wa Kianswari, akiendelea na biashara. Mwaka wa 9 Hijria, jeshi la Tabuk lilipohitaji msaada, alileta kila alichokuwa nacho.

Mtume alipofariki mwaka wa 11 Hijria (632), Answari walikusanyika katika Saqifa ya Banu Saida, na umma ulikaribia kupasuka. Abu Bakr alikwenda pamoja na Umar na Abu Ubayda. Yeye aliwapendekeza hao wawili. Umar akaushika mkono wake na kumpa baia, na watu wakafuata.

Asubuhi moja baada ya hapo alionekana na nguo begani akielekea sokoni. Umar na Abu Ubayda wakamsimamisha: vipi atauza nguo naye amebeba mambo ya Waislamu? Jibu lake lilikuwa la baba wa nyumba yoyote: na wanawe wale nini? Ndipo akapangiwa posho kutoka katika mali ya Waislamu, chakula cha kila siku na mavazi ya kiangazi na ya baridi. Wapokezi wanahitilafiana juu ya kiwango chake.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: mbona biashara ni halali? Ni halali, naam. Lakini Umar aliona kwamba muda wa khalifa si wake tena. Nami huwaongezea jambo moja: nani atathubutu kupatana bei na khalifa?

Kule As-Sunh alikuwa akiwakamulia majirani mbuzi wao. Msichana mmoja akasikitika kwamba sasa hatawakamulia tena. Aliendelea kuwakamulia.

Uongozi wake ulidumu miaka miwili na miezi michache tu. Ndani yake aliwapiga vita waliozuia zaka, Musaylima akauawa Yamama, na Qur'ani ikakusanywa kwa mkono wa Zayd bin Thabit.

Mwaka wa 13 Hijria (634) aliugua. Aliusia akafiniwe katika nguo aliyokuwa ameivaa, ifuliwe na kuongezewa nyingine, kwani nguo mpya humstahiki zaidi aliye hai. Akamwamuru Bi Aisha aangalie kilichozidi katika mali yake tangu ashike uongozi, akipeleke kwa khalifa atakayemfuata. Kikapatikana mtumwa mmoja, ngamia wa kutekea maji, na kipande cha nguo iliyochakaa. Umar alipoletewa alilia, akaona kwamba mwenzake amewachosha watakaokuja baada yake. Abdurrahman bin Awf hakuridhika kuona watoto wa Abu Bakr wananyang'anywa ngamia na kitambaa kisichozidi thamani ya dirhamu 5, alitaka warejeshewe. Umar akakataa. Vitu ambavyo Abu Bakr mwenyewe alijivua alipokuwa anakufa, yeye hawezi kuvirudisha nyumbani kwake.