Medawar: Bingwa aliyeufunza mwili kumpokea mgeni

TAKRIBAN kila mgonjwa anayepandikizwa figo hulazimika kumeza dawa za kuulegeza ulinzi wa mwili wake. Asipofanya hivyo, mwili huigeukia figo hiyo na kuiangamiza, hata kama ilitolewa na ndugu wa toka nitoke.

Aliyefumbua kiini cha uhasama huo ni marehemu Sir Peter Brian Medawar.

Medawar alizaliwa nchini Brazil mnamo Februari 28, 1915. Babake alikuwa mzawa wa Lebanon na mamake Mwingereza. Alipelekwa Uingereza kwa masomo, akasomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mnamo 1937 alifunga ndoa na Jean Taylor, mwanafunzi mwenzake.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomwonyesha njia. Mnamo 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake mjini Oxford, na mtu mmoja akaungua vibaya. Madaktari walimwomba Medawar ushauri, naye akaanza kujiuliza ni kwa nini ngozi ya mtu mmoja haishiki katika mwili wa mwingine.

Baadaye alijiunga na daktari wa upasuaji, Thomas Gibson, mjini Glasgow. Walimpandikiza mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya nduguye. Vipande vya awali vilikufa baada ya siku kadhaa, ilhali vya mara ya pili viliangamia upesi zaidi. Medawar akang'amua kwamba mwili ulikuwa umemkumbuka adui wake, jinsi unavyokumbuka maradhi uliyowahi kuugua. Utafiti huo ulichapishwa mnamo 1943.

Fumbo la pili lilitokana na ng'ombe. Yeye na Rupert Billingham walitarajia kwamba ndama pacha wasiofanana wangekataa ngozi za wenzao. Kinyume na matarajio hayo, wengi waliipokea. Sababu ni kuwa pacha hao hushiriki damu wakiwa tumboni, jambo lililokuwa limebainishwa na Ray Owen wa Marekani mnamo 1945.

Wakishirikiana na Leslie Brent, walidunga vijusi vya panya seli za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua, baadhi yao walipokea ngozi ya ukoo huo bila vita. Matokeo hayo ya 1953 yalithibitisha kwamba ustahimilivu wa kinga hufunzwa, na kwamba mafunzo hayo huanza mapema.

Mnamo 1960 Medawar alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia, aliyekuwa amebashiri jambo hilo. Medawar hakuwasahau wenzake. Aliwagawia Billingham na Brent sehemu ya fedha zake.

Je, mafunzo hayo hufanyika wapi? Mnamo 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha umuhimu wa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo ndimo seli T hulelewa na kutahiniwa. Kila seli hukutanishwa na vipande vya protini za mwili wenyewe. Isiyopokea ishara yoyote hufa kwa kukosa kazi. Inayopokea ishara kali mno aghalabu huuawa, maana ingekuja kumshambulia mwenyeji wake. Inayopokea ishara ya wastani ndiyo huhitimu.

Hata hivyo, baadhi ya zile zinazopokea ishara kali husazwa na kugeuzwa askari wa kutuliza ghasia. Ugunduzi wa seli hizo uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya 2025. Zinapokosekana, mwili hujila wenyewe.

Medawar hakujaliwa kuyaona yote hayo. Septemba 1969, akiwa na umri wa miaka 54, alipatwa na kiharusi akisoma Biblia katika kanisa kuu la Exeter, na upande wake wa kushoto ukapooza. Licha ya hayo, aliendelea na utafiti na kuandika vitabu, mkewe Jean akiwa nguzo yake, hadi alipofariki London mnamo Oktoba 2, 1987.

Kila upandikizaji unaofaulu leo una deni kwake.