Ida B. Wells, mama wa kalamu

Bandugu batumikaji, tunamukumbuka Ida B. Wells, aliyezaliwa mutumwa kule Mississippi, Marekani, 1862. Kwa miaka 16 akabaki yatima, akafundisha masomo juu ya kulisha badogo yake.

Mwaka wa 1892, mu muji wa Memphis, rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili, weusi, walikuwa na duka. Muzungu wa duka la jirani akaona wivu. Ikatoka vita, wakafungwa, kiisha wakatolewa gerezani usiku na kuuawa bila kusambishwa.

Wazungu walizoea kusema weusi wanauawa juu ya kubaka wanawake. Ida akahesabu mauaji moja moja: mara nyingi hata shitaka ile haikuwako. Sisi tunaona hesabu ile njo iliwaogopesha. Akiwa safarini, wakavunja ofisi ya gazeti lake. Akahamia Chicago, akaandika mpaka kufa, 1931. Sheria ya Marekani yote juu ya mauaji yale ilitoka 2022 tu.