Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Daktari Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja; hata hivyo akawa daktari mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Majuma machache baadaye akamwona mwingine kama huyo huko Jinja. Wengi wangalisema ni sadfa tu. Yeye alipekua daftari za hospitali, akawaandikia matabibu wa Afrika na kuwapelekea picha, akiuliza ugonjwa huo uko wapi na wapi haupo.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hivi, wakipita Tanganyika hadi Afrika ya Kusini. Ikadhihirika kwamba saratani ile huonekana zaidi penye joto na mvua, ambako malaria, homa ijulikanayo hata huku Singida, imeenea. Mwaka 1964 Michael Epstein na wenzake, waliopelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda, waligundua virusi ndani yake. Dawa nazo zikapatikana, na watoto waliokatiwa tamaa wakapona.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Ndugu msomaji, kuuliza si ujinga. Na mtoto akivimba taya, apelekwe hospitali upesi. Leo ugonjwa huo hutibika.